Bobby Orr: beki, goti na karatasi ya Boston

Mwaka 1962, katika nyumba moja ya Parry Sound, mji mdogo wa Ontario kando ya ghuba ya Georgian, wazazi walikaa na watu wa klabu ya Boston Bruins kuzungumzia mtoto wao. Mtoto ana miaka 14. Baba yake, Doug Orr, anafanya kazi kiwanda cha baruti pale Nobel, kijiji cha jirani. Wazazi walikuwa na madai yao: pesa kidogo mkononi, gari, na nyumba ipigwe plasta mpya kwa nje. Boston wakakubali, karatasi ikatiwa saini, na Bobby Orr akawa mchezaji wao kabla hajaota ndevu.

Ukijua kilichofuata, bei hiyo inachekesha. Lakini mimi kila nikikipitia kisa hiki narudi kwenye ile plasta, kwa sababu wauzaji waliiona bei. Waliitaja kwa midomo yao, wakapewa, na mapatano yakaonekana ukutani. Miaka 14 baadaye klabu ileile ilimwandalia mchezaji yuleyule kitu cha aina nyingine kabisa: sehemu ya klabu yenyewe, asilimia 18 na nusu hivi. Orr anasema habari hiyo haikumfikia. Aliondoka Boston akiamini kwamba wamemchoka.

Watu wengi wanasimulia maisha yake kama kisa cha goti. Goti lipo, nitalifikia. Ila goti lilimnyima mechi. Vingine alivyopoteza vilitokana na mtu mmoja kuachiwa akalie viti vinne kwa wakati mmoja, na mchezaji kuona hilo ni jambo la kawaida.

Kwa ambaye hoki ya barafu haijampitia: timu inaingiza watu sita, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanakimbia kwa viatu vyenye chuma cha kuteleza, na badala ya mpira wanagombania kwa magongo paki, kisahani kigumu cha raba nyeusi kinachoenea kiganjani. (Nairobi wako vijana wa Ice Lions waliojifunza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kwa hiyo si mchezo wa kusikia redioni tu.) Kiwanja cha NHL, ligi kuu ya Kanada na Marekani, kina urefu wa mita 61 hivi na kimezungushiwa ukuta. Mwenye paki akibanwa ukutani kwa bega, hiyo ni halali, na magoti mengi yameishia hapo.

Beki wa zamani wa hoki alikuwa kama beki wa kati wa zamani kwetu. Baki nyuma, safisha, mpe mwenye kazi yake. Orr alianza kuchukua paki nyuma ya goli lake mwenyewe, akaondoka nayo, akapita katikati ya watu, na akipokonywa alikuwa na mbio za kurudi kabla adui hajafika. Kuna takwimu moja inayoeleza haya kuliko maneno. Katika hoki huhesabiwa mabao yaliyofungwa na timu yako ukiwa barafuni, yakatolewa yale mliyofungwa, bila kuhesabu yanayofungwa na timu yenye mtu wa ziada. Msimu wa 1970-71 Orr alimaliza na 124 juu ya sifuri. Hakuna aliyeifikia namba hiyo hadi leo. Msimu huohuo alifunga 37 na kutoa pasi za mabao 102.

Alikuwa beki bora wa ligi miaka minane mfululizo, 1968 hadi 1975. Mara mbili, 1970 na 1975, aliongoza ligi nzima kwa pointi za mabao na pasi, jambo ambalo beki mwingine hajawahi kulifanya. Nikiendelea kutaja vikombe hapa nitamaliza ukurasa, kwa hiyo niseme la 1970 tu: mwaka huo alizoa tuzo nne kubwa kwa mpigo, ya beki bora, ya mchezaji bora, ya mfungaji bora na ya mchezaji bora wa mtoano.

Na bao. Tarehe 10 Mei 1970, Boston Garden, mechi ya nne ya fainali dhidi ya St. Louis Blues. Boston hawajachukua kombe tangu 1941. Mechi imefika muda wa nyongeza, sekunde 40 tu zimepita. Paki inakuja ikiambaa ukuta kuelekea nje ya eneo la St. Louis, na beki mwenye busara angerudi nyuma kulinda. Orr anasogea mbele kuizuia, kamari mbaya, maana ikimpita adui anabaki peke yake na kipa. Haikumpita. Anamsukumia Derek Sanderson kwenye kona, anakimbilia goli, anarudishiwa, anaipitisha katikati ya miguu ya kipa Glenn Hall. Wakati huohuo beki Noel Picard anamnyanyua mguu kwa gongo, naye anaruka mikono imenyooshwa mbele, mwili umelala hewani, anashangilia kabla hajagusa chini. Mpigapicha Ray Lussier akaidaka. Picha hiyo imetundikwa kwenye baa na vinyozi vya Boston kwa zaidi ya miaka 50, na siku hizi pale uwanjani kuna sanamu ya shaba ya mruko uleule.

Sasa goti. Lilianza kusumbua msimu wake wa kwanza kabisa, 1966-67, alipobamizwa ukutani na beki wa Toronto. Kisu cha kwanza kikapita, kikafuata cha pili, na kadiri miaka ilivyokwenda goti la kushoto likawa limefunguliwa zaidi ya mara kumi. Inafaa kukumbuka upasuaji wa goti ulivyokuwa enzi hizo. Njia ya kupenyeza kamera kwenye tundu dogo ilikuwa haijaenea. Daktari alifungua goti, akalitoa gegedu lililochanika, akashona. Gegedu ndilo godoro kati ya mfupa wa paja na mfupa wa mguu. Ukiliondoa kwa kijana wa miaka 20 anayecheza mechi 70 kwa msimu, unampa miaka michache ya nafuu halafu mifupa inaanza kusagana. Mwaka 1972, Kanada ilipokutana na Urusi ya Kisovieti katika zile mechi nane ambazo Wakanada wanazisimulia kama vita, Orr alisafiri na timu hadi Moscow na hakucheza hata dakika moja.

Tunafika kwa mwenye viti.

Alan Eagleson alikuwa mwanasheria wa Toronto, mcheshi, mwepesi wa maneno, hodari wa siasa. Familia ya Orr ilimfahamu kupitia mambo ya michezo ya kiangazi huko kaskazini, na mwaka 1966 walimwomba asimamie mkataba wa kwanza wa kijana wao. Kabla ya hapo wachezaji wa hoki hawakuwa na mawakala. Meneja alikuita ofisini, akakusukumia karatasi, ukasaini, ukashukuru. Meneja wa Boston, Hap Emms, alitaka mambo yaende vilevile. Mwisho wake mkataba ulisainiwa ndani ya boti ya Emms, na kijana wa miaka 18 ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi akaondoka na mshahara uliozidi mara kadhaa walichokuwa wakipewa wachezaji wapya. Wachezaji wakubwa wa ligi walisikia. Kama mtoto analipwa hivi, sisi je?

Haki yake apewe: katika kipindi hicho Eagleson aliwafaa wachezaji. Mwishoni mwa 1966 wachezaji wa Springfield, timu ya daraja la chini, waligoma dhidi ya mwenye timu Eddie Shore, naye kwa bahati ya ajabu alikuwa beki mkubwa wa Boston wa miaka ya 1930. Eagleson aliitwa, akasuluhisha, Shore akalegea. Mwaka 1967 chama cha wachezaji wa NHL kikazaliwa na yeye akawekwa kukiongoza. Orr ndiye aliyekuwa chambo na nembo. Ukiwa na mtoto wa dhahabu mkononi, milango ya vyumba vyote vya kubadilishia nguo inafunguka.

Hapo viti vikaanza kuongezeka. Alikuwa wakala wa Orr na wa wachezaji wengine wengi. Alikuwa mkuu wa chama cha wachezaji wote, hata wale waliokuwa wakishindana na wateja wake kwa nafasi na mishahara. Alikuwa mwandaaji wa mashindano ya kimataifa, ile mikutano ya 1972 na Warusi, kisha Canada Cup iliyoanza 1976. Na alikuwa rafiki wa wenye klabu, hasa Bill Wirtz, bosi wa Chicago Black Hawks na mwenyekiti wa baraza la wamiliki wa ligi. Fikiria wakala wa winga unayempenda wewe awe pia mwenyekiti wa chama cha wachezaji, awe ndiye anayeandaa mashindano ya taifa na kushika fedha zake, halafu Jumapili ale pilau kwa mwenye klabu inayomtaka winga huyo. Kwetu mambo kama hayo yangezua ugomvi vijiweni hadi usiku. Kule yaliendelea karibu miaka 25, hadharani, mchana kweupe.

Orr mwenyewe alikuwa na utaratibu mmoja tu: mambo ya fedha yapite kwa Al. Alimwona kama kaka. Hakusoma hesabu na hakuuliza. Mwaka 1971 alisaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni moja, wa kwanza wa kiwango hicho katika mchezo wake, na mambo yalipokuwa yananyooka hivyo, nani angeuliza?

Mkataba huo ulikuwa unaisha 1976. Msimu wa 1975-76 Orr alicheza mechi 10 tu kwa sababu ya goti. Klabu ilikuwa imepata mwenyewe mpya mwaka uliotangulia, Jeremy Jacobs, mfanyabiashara wa Buffalo. Hapa ndipo kisa kinapofika kwenye karatasi yake.

Boston walikuwa na hofu mbili zinazovutana. Moja, goti: kumlipa mshahara mkubwa mtu ambaye huenda hatacheza ni kumwaga pesa. Ya pili, jina: kumwachia Bobby Orr aondoke ni kuwaambia mashabiki wa Boston wasije. Njia waliyoibuni ilikuwa ya akili. Badala ya kumlipa goti, wamlipe jina. Mshahara wa kawaida kwa miaka mitano, na mwaka 1980 apate hisa, ile asilimia 18 na nusu ya klabu. Kwao ilikuwa nafuu, kwa kuwa hisa hazitoki mfukoni leo. Kwake ilikuwa bima, kwa kuwa hisa hazihitaji mtu aweze kukimbia.

Alichosema Orr baadaye, na hajawahi kukibadilisha, ni kwamba Eagleson alimwambia Boston hawamtaki na Chicago ndiko kwenye neema. Alichosema Eagleson, naye hajawahi kukibadilisha, ni kwamba alimweleza, na kwamba habari za hisa zilikuwa zimetoka hata kwenye gazeti la Toronto. Chicago ya Wirtz ikatoa dola milioni 3 kwa miaka mitano. Orr akasaini.

Nimeupima utetezi wa gazeti mara nyingi, kwa sababu una nguvu yake. Kama jambo liliandikwa gazetini, siri iko wapi? Lakini geuza upande. Mteja wako anaamua jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, una toleo la klabu mkononi, na ushahidi wako kwamba umemwonyesha ni kwamba angeweza kulisoma gazetini kama wapita njia? Wakala anayejilinda angeandika barua ya nusu ukurasa: Boston wanatoa hiki, Chicago wanatoa kile, tia saini hapa kwamba umesoma. Karatasi hiyo haikuwahi kuonyeshwa, na kukosekana kwake kunaniambia mengi kuliko ubishi wa nani alimwambia nani. Wazazi wa Parry Sound mwaka 1962 hawakuwa na mwanasheria, lakini walijua kilichokuwa mezani.

Orr naye ana sehemu yake, na wanaompenda huipita haraka. Alikuwa na miaka 28. Alikuwa amezungukwa na watu wa Boston kwa miaka kumi, wachezaji wenzake, makocha, waandishi. Simu moja tu kwa Jacobs, hata ya kuaga, ingetosha. Hakuipiga, na naelewa kwa nini: aliyeambiwa hatakiwi haendi kubisha hodi. Kumnyamazisha mtu mwenye kiburi chake wala si kazi, inatosha kumwambia kwamba wenzake wamemdharau.

Miezi michache baada ya kusaini, Septemba 1976, ikachezwa Canada Cup ya kwanza. Orr aliingia na goti ambalo kati ya mechi na mechi halikumruhusu kutembea vizuri. Kanada ikachukua kombe mbele ya Chekoslovakia, na yeye akatajwa mchezaji bora wa mashindano yote. Ndiyo hoki ya mwisho kubwa aliyoicheza. Aliitaka mwenyewe, tena kwa moyo wote. Alikuwa ameikosa ile ya 1972. Hata hivyo siwezi kuacha kuuliza swali hili: ni nani angeweza kumwambia mchezaji huyu kwamba goti lake lina mechi chache zimebaki, azitunze? Wakala wake. Na ni nani aliyehitaji jina lake kwenye matangazo ya mashindano? Mtu yuleyule.

Chicago alicheza mechi 20 msimu wa kwanza. Msimu wa pili, sifuri. Wa tatu, sita. Novemba 1978 akaacha, miaka 30.

Kuna jambo la kipindi hicho ambalo naona ndilo picha yake halisi kuliko ile ya kuruka. Mkataba ulimruhusu kulipwa hata akiwa amekaa. Yeye hundi za Chicago hakuzipeleka benki. Alisema analipwa ili acheze, na hachezi. Ukimsikia mchezaji wa leo akisema hivyo utadhani amelewa. Ni uungwana, sikatai, na ni uungwana uliompata mtu asiyejua kwamba hana akiba. Maana alipoachana na Eagleson mwaka 1980 na watu wengine wakapewa vitabu vyake wavikague, mali yote ya mchezaji aliyekuwa na mkataba wa kwanza wa milioni ilikuwa haitoshi kulipa kodi na bili alizodaiwa. Miaka 12 ya kazi, mechi 657, pointi 915, goti limekwisha na mfuko mtupu. Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki ulikuwa umemfutia muda wa kusubiri na kumwingiza 1979, akiwa na miaka 31, mdogo kuliko wote kabla yake. Heshima tele, nauli hakuna.

Hisa zile zingekuwa na thamani gani? Watu hupenda hesabu ya haraka: Bruins leo inakadiriwa kuzidi dola bilioni moja, asilimia 18 na nusu ya bilioni ni milioni 185, basi Eagleson alimnyang'anya milioni 185. Mimi siipokei hesabu hiyo kirahisi. Toleo lilikuwa na masharti. Ligi ingelazimika kukubali mchezaji awe mmiliki. Kodi ingekuwepo. Na mtu mwenye madeni ya 1980 angeweza kuziuza hisa mwaka unaofuata kwa bei ya kutupa. Lakini kwamba mpango wa namna hiyo si ndoto ilionekana baadaye kwa mwingine. Mario Lemieux alikuwa anaidai Pittsburgh Penguins mamilioni ya mishahara iliyoahirishwa, klabu ikafilisika, na mwaka 1999 akaligeuza deni hilo kuwa umiliki. Mwaka uliofuata akavaa viatu, akarudi kuichezea klabu yake mwenyewe. Tofauti ya Lemieux na Orr si akili. Lemieux alizijua namba zake.

Tena, hata kama hisa zingeishia kuwa kidogo, kuna kitu kingine kilichokwenda nazo. Orr angemaliza Boston. Angecheza mechi chache pale, labda hata hizohizo 26, mbele ya watu waliokuwa tayari kumsamehe goti. Januari 1979 Boston waliistaafisha jezi yake namba 4, Garden ikampigia makofi hadi sherehe yenyewe ikakwama. Yule mtu aliyesimama katikati ya barafu siku ile, kwenye karatasi, alikuwa mstaafu wa Chicago.

Kwa miaka kumi baada ya hapo hakuna kilichotokea. Eagleson aliendelea na viti vyake, akapewa nishani ya Kanada, na mwaka 1989 akaingizwa kwenye ukumbi uleule wa mashujaa aliomo Orr. Waliolalamika walionekana wana kinyongo.

Waliokuja kukivunja kiti walikuwa watu wawili ambao si wakubwa. Mmoja ni beki mwingine mstaafu, Carl Brewer, aliyechukua kombe mara tatu na Toronto mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu mbishi wa kuzaliwa. Brewer hakuelewa kwa nini pensheni za wachezaji wa zamani ni ndogo vile, akaanza kuomba makaratasi. Akanyimwa, akaenda mahakamani na wenzake, na mwaka 1992 mahakama ya Ontario ikaamua kwamba ziada ya mfuko wa pensheni ni ya wachezaji, siyo ya klabu. Zaidi ya dola milioni 40 zikawarudia wazee hao. Wa pili ni Russ Conway, mhariri wa michezo wa Eagle-Tribune, gazeti la Lawrence, mji mdogo wa Massachusetts. Magazeti makubwa ya Toronto yalikuwa na marafiki wengi wa kuwalinda. Conway alikuwa na simu na uvumilivu. Alianza kuchapisha 1991, sehemu baada ya sehemu: bima za wachezaji walioumia, mikopo ya fedha za chama kwa marafiki, mapato ya matangazo ya Canada Cup. Orr alikuwa miongoni mwa waliozungumza naye.

Mwaka 1994 mashtaka yakafunguliwa Boston. Januari 1998 Eagleson alikiri makosa matatu ya udanganyifu kwa njia ya posta katika mahakama ya Boston, akatozwa faini ya dola milioni moja za Kanada. Kesho yake akakiri mengine matatu Toronto, akahukumiwa miezi 18, akakaa ndani kama miezi sita. Mkataba wa Orr haukuwa sehemu ya alichohukumiwa. Kwa hiyo kisheria kisa cha 1976 hakijawahi kuamuliwa, na yeyote anayekuambia mahakama ilisema Eagleson alimficha Orr hisa anakudanganya. Mahakama ilisema mengine kuhusu mtu huyohuyo.

Machi 1998 wachezaji wa zamani wapatao 18, Orr akiwa mmoja wao, walitoa tamko: akibaki yeye kwenye ukumbi wa mashujaa, wao watatoka. Bodi ilikuwa bado inajikuna kichwa Eagleson alipojiuzulu mwenyewe.

Orr, kwa upande wake, alirudi kwenye mchezo kwa mlango ambao sikuutarajia. Miaka ya 1990 akawa wakala. Alianza kukaa sebuleni kwa watu wa Ontario, na wazazi wa watoto wa miaka 14 na 15, mahali palepale alipokaa Doug Orr. Kampuni yake ndiyo iliyomchukua Connor McDavid akiwa kijana mdogo, na mwaka 2017 Edmonton Oilers wakampa McDavid miaka minane kwa dola milioni 100. Mkataba huo ulisimamiwa na Jeff Jackson, mtu wa ofisi ya Orr. Mwaka 2023 Edmonton walimwajiri Jackson awe bosi wa shughuli za hoki za klabu, yaani akaenda kukaa upande wa pili wa meza, mkabala na mchezaji aliyekuwa akimwakilisha. Kabla ya kukaa huko, kiti cha wakala alikiacha.